Walimu wa Njia ya Kilwa

Mwaka 1972 Sheikh Abdallah Saleh Farsy alitoa kitabu chake kuhusu wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, na tangu hapo kila anayetaka kujua nani alisoma kwa nani huanzia hapo. Ni kazi ya heshima kubwa. Sheikh Farsy aliwajua wanafunzi wa masheikh anaowataja, na anaweza kukuambia nani alidurusu kitabu cha fiqhi cha Minhaji mbele ya nani, nani alipanda chombo kwenda Hadhramaut kutafuta elimu, na nani alirithi darsa ya nani. Lakini kitabu chenyewe kinatembea visiwani na mwambaoni: Unguja, Lamu, Mombasa, Ngazija, Barawa. Njia iliyotoka Kilwa Kivinje ikapanda bara, ikavuka mito na mapori mpaka Ungoni, nchi ya Wangoni, na Ziwa Nyasa, si shughuli yake. Muislamu wa Bombambili, ndani ya Manispaa ya Songea, akikifungua kumtafuta aliyemfundisha babu yake shahada, atakifunga mikono mitupu. Pengo hilo limezaa dhana mbaya, kwamba bara ilipokea tu: wengine walifikiri, sisi tukaitikia amina. Mimi naona sivyo. Uislamu wa nyanda za Ruvuma ulifikiriwa papo hapo, na walimu wa daraja la kati, watu wenye vitabu vitatu au vinne na kanzu moja ya Ijumaa, ambao kila siku iliwabidi waamue neno la kitabu lina maana gani kwa mkulima wa Kindendeuli, kwa Myao wa Tunduru, kwa kijana aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge. Uamuzi huo ni fikra, hata pale ambapo hakuna aliyeuandika.

Pingamizi la kwanza linajulikana na kila aliyesoma historia darasani: Uislamu wa bara uliletwa na misafara, na misafara ilifuata pembe na watumwa, basi tutafute fikra gani kwa wachuuzi? Kweli, misafara ilikuwepo. Wangoni waliofika nchi hii katikati ya karne ya 19 na kusimamisha tawala mbili, Mshope na Njelu, walifanya biashara na Kilwa kwa miaka mingi, na miongoni mwa walivyouza walikuwemo binadamu waliotekwa vitani. Mfanyabiashara Rashid bin Masoud alikuwa na makao yake Kikole, na watu wa pwani walikaa huko na bunduki zao, nguo zao na sala zao. Hakuna sababu ya kulificha hilo, na hakuna dini inayopata heshima kwa kulificha. Ila tuangalie matokeo yake. Kama biashara peke yake ingetosha kusilimisha nchi, Ungoni ingekuwa ya Kiislamu kabla Wajerumani hawajajenga boma Songea mwaka 1897 na kabla Wabenediktini hawajafungua misheni ya Peramiho mwaka 1898. Haikuwa hivyo. Watawala wa Kingoni walivaa nguo za pwani, wakatumia baruti ya pwani, na wakaendelea kuyaomba mahoka, mizimu ya wazee wao. Mchuuzi hana haja ya kumfundisha mteja wake kutawadha. Tena mwenye kuuza watu hafaidiki wanaouzwa wakiwa ndugu zake katika dini. Uislamu ulienea katika vijiji vya Songea hasa baada ya misafara ile kufa. Anayesema wachuuzi ndio walioueneza anataka tuamini kwamba mbegu iliota shambani baada ya mpanzi kuondoka, na kwamba hakuna mwingine aliyeingia na jembe.

Katikati ya nyakati hizo mbili kuna Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Maji ya dawa, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, yalianza kugawiwa Umatumbi, na mwezi Julai 1905 vita vikalipuka. Ungoni yalifikishwa na Omari Kinjala, na tuliangalie jina lake la kwanza, ambalo ni la Kiislamu. Imehifadhiwa barua ya wakati ule, iliyotoka upande wa Songea kwenda kwa Mataka, sultani wa Wayao ng'ambo ya Ruvuma. Mwandishi anamweleza Mataka kwamba amri ya kuwaondoa wazungu imetoka kwa Mungu, anaomba watu na bunduki, anapendekeza ugomvi wa zamani usahauliwe, na anapeleka chupa ya dawa kutoka kwa Kinjala mwenyewe. Wanahistoria wameisoma barua hiyo kama ushahidi wa mbinu za vita, na wako sahihi. Mimi naisoma pia kama ushahidi wa elimu. Katika nchi ambayo watawala wake hawakuwa wanavyuoni, alikuwepo mtu wa kushika kalamu na kuandika barua ya kidiplomasia kwa lugha ambayo Mataka angeielewa, na hoja aliyoitanguliza ilikuwa amri ya Mungu mmoja, ingawa mkononi alishika dawa ya wazee. Mambo hayo mawili, Mungu wa pwani na chupa ya maji, yamekaa pamoja katika karatasi moja. Aliyeyapanga hivyo alikuwa anafikiri.

Maji hayakuzuia risasi. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa Gama, mtawala wa Njelu, na viongozi wengine walinyongwa Songea. Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, akafuata baada ya siku chache. Chabruma, mtawala wa Mshope, alivukia upande wa Wareno na hakurudi. Baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa gerezani kabla ya kitanzi. Halafu ikaja njaa, kwa maana jeshi lilichoma maghala na mashamba kwa makusudi. Serikali ya Kijerumani ilitaja watu wapatao 75,000 waliokufa katika nchi yote iliyopigana; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Walionusurika walibaki na swali ambalo si la siasa peke yake: ikiwa mahoka hayakutulinda na maji hayakutulinda, tumtegemee nani? Peramiho ilikuwa na jibu, pamoja na shule na dawa, na Wangoni wa Njelu wengi walilifuata. Wandendeuli, watu waliokuwa chini ya Wangoni kwa miongo kadhaa, na ambao wengi wao leo wako upande wa Namtumbo, walikwenda njia nyingine. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver alipofanya utafiti kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwakuta karibu wote ni Waislamu. Hakuna jeshi lililowasilimisha, wala hakuna shirika la Kiislamu lililokuwa na bajeti ya kuwatumia wahubiri. Walisilimishwa na walimu.

Mwalimu huyo alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mkulima kama jirani zake. Alisoma Kilwa au Lindi miaka michache, au alisoma kwa mtu aliyesoma huko, akarudi na msahafu, juzuu, maulidi ya Barzanji na kijitabu cha fiqhi kama Safina. Chuo chake kilikuwa ukumbi wa nyumba au kivuli cha mwembe. Mtoto aliletwa na mzazi, akapewa ubao uliosuguliwa ukang'aa. Wino ulitengenezwa kwa masizi, kalamu ikachongwa kwa tete. Mwalimu aliandika herufi, mtoto akazisoma kwa fataha, kasira na dhuma, akitingisha mwili, mpaka sauti ikazoea kwenda penyewe. Ubao ukijaa unaoshwa, unaandikwa tena. Ada ilikuwa kuni, maji, siku ya kulima shambani kwa mwalimu, na siku ya kuhitimu, mbuzi ikipatikana. Watu wanaodharau chuo hiki husema mtoto alikariri Kiarabu asichokielewa. Wamesahau nusu ya kazi. Baada ya alasiri, wakubwa walipokuja, mwalimu yule yule alifungua Safina na kueleza kwa Kiswahili: maji gani yanafaa kwa udhu, nani ni maharimu, mtu akifa huoshwa vipi. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wake. Kitabu kilichotungwa na Mhadhrami kinazungumzia maji ya birika na kisima. Mwalimu wa Ungoni ana mto unaobadilika rangi masika. Vitabu vinataja zaka ya ngano na tende. Yeye ana mahindi, ulezi na muhogo. Lazima apime, alinganishe, atoe neno. Na neno akilitoa linasimama, kwa sababu kadhi aliye karibu yuko mwendo wa siku nyingi.

Tena alilitoa kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wasikilizaji wake wengi haikuwa ya mama. Ili Mndendeuli aelewe "tohara", "mirathi", "kafara" au "nia", mwalimu alilazimika kulijaza neno hilo maana kwa mifano ya kwao. Watu husifu Kiswahili kwa kuunganisha taifa, wakimtaja Nyerere na shule. Ni haki, lakini vijijini kusini maneno mazito ya lugha hii, yale ya dhamana, haki, wosia na amana, yaliingia kinywani mwa watu kwa darsa ya alasiri miaka mingi kabla ya kampeni ya kisomo.

Hata hivyo mwalimu wa kijiji hakuelea hewani. Alishikwa na kamba iliyokwenda hadi kwa wakubwa, na kamba hiyo iliitwa tarika, yaani njia ya kisufi. Mwishoni mwa karne ya 19 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa 1847 na kuuawa 1909, alifika Unguja kwa mwaliko wa Sultani Sayyid Barghash na kuacha makhalifa wa tarika ya Kadiria walioingia bara. Na Sheikh Muhammad Maarufu wa Moroni, aliyefariki 1905, aliisambaza tarika ya Shadhilia kutoka Ngazija. Kilwa ikawa ngome ya Shadhilia chini ya Sheikh Husein bin Mahmud. Hawa si watu wa Makka wala Misri. Ni Msomali, Mngazija na mtu wa Kilwa, wanavyuoni wa kanda hii, wenye nasaba za tarika zinazofika mbali lakini wenye nyumba hapa. Walichofanya ni kubadili swali la nani anastahili kuitwa mwenye elimu. Zamani mjini pwani heshima ya dini ilishikamana na ukoo: sharifu, Mwarabu, mwenyeji wa mji. Tarika ilimpa ijaza, idhini ya kufundisha na kuongoza, yeyote anayestahili. Mfano mkubwa ni Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya. Alizaliwa upande wa Kongo, akafika Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, akasoma, akafungua chuo, akawa khalifa wa Kadiria anayefuatwa kutoka kila upande wa bara, na Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakamfanya liwali wa mji ule ule aliofikishwa kama mali. Alifariki mwaka 1931, na ziara yake Bagamoyo iliendelea kukusanya watu. Fikiria habari hiyo inavyosikika Songea, nchi iliyoshuhudia watu wakifungwa minyororo kwenda Kilwa. Mtu aliyeuzwa sasa anabusiwa mkono. Sioni risala ya fiqhi ambayo ingehubiri usawa wa waumini kwa nguvu kuliko hiyo.

Na kamba hiyo haikuwashika wanaume tu. Nkhotakota, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, waliopeleka Kadiria hawakuwa masheikh wa kilemba peke yao. Shekhe Mtumwa binti Ali bin Yusufu aliipata ijaza Unguja na kuifikisha huko mwishoni mwa miaka ya 1920, na wanawake wengi wakaingia dhikri kwa mkono wake. Jina lenyewe, Mtumwa, linasema alikotoka. Miongoni mwa Wayao wa Nyasa kulikuwa pia na Sheikh Abdallah bin Haji Mkwanda na Sheikh Thabit Ngaunje, watu wa huko huko, waliosoma pwani na kurudi. Ruvuma na ziwa havikuwa mpaka kwao. Anayechora ramani ya elimu kwa kufuata mipaka ya Wajerumani, Waingereza na Wareno ataikata vipande nchi iliyokuwa ya walimu hawa. Tunduru, Songea, Mwembe kwa Mataka na Mangochi vilikuwa darasa moja lenye vyumba vingi.

Serikali ya Kijerumani iliiona kamba hiyo ikaogopa. Mwaka 1908 ilizuka Lindi ile inayoitwa barua ya Makka, maandishi yanayodai kwamba mlinzi wa kaburi la Mtume alioteshwa, akaambiwa waumini wametopea dhambini na kiyama kimekaribia. Ilinakiliwa kwa mkono, ikapita kutoka msikiti hadi msikiti, bandarini na bara, na watu wakamiminika kusali. Maofisa walikamata walimu wakidhani Maji Maji imerudi ikiwa na kanzu. Msomi Carl Heinrich Becker wa Hamburg alichunguza maandishi ya walimu wa koloni hilo na mwaka 1911 akachapisha uchambuzi wake. Alichokikuta kwa sehemu kubwa ni fiqhi ya Kishafii, maulidi na dua, si mipango ya uasi. Miaka miwili baadaye Gavana Schnee aliwapelekea wakuu wa wilaya maswali juu ya namna ya kuuzuia Uislamu, na mojawapo likawa kama ingefaa kuhimiza ufugaji wa nguruwe. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kosa la Wajerumani bado liko nasi katika sura nyingine. Wao waliamini kwamba wazo lolote la Kiislamu lililotembea bara lazima liwe limetumwa na mtu wa mbali: Sultani wa Uturuki, Makka, Unguja. Hawakuweza kuamini kwamba mwalimu wa Lindi, akiona watu wake wamefiwa, wamefilisika na wamekata tamaa, angeichukua barua iliyozunguka nchi nyingi za Waislamu na kuinakili kwa sababu yeye mwenyewe ameona inasema jambo linalohitajika. Kuchagua cha kunakili ni kufikiri.

Sasa tuingie kwenye maamuzi yenyewe, maana bila hayo hoja yangu itabaki maneno. Chukua jando. Wayao walikuwa na unyago wao wa wavulana, lupanda, uliokuwa mali ya wakuu wa koo na uliosimama juu ya mizimu. Mwalimu angeweza kuupiga marufuku, angebaki peke yake msikitini. Angeweza kuuacha ulivyo, dini ingebaki kofia tu. Njia iliyochukuliwa ilikuwa kuushika katikati: mkato ukawa tohara kamili ya sunna, ngariba akasomewa dua, mvulana akafundishwa udhu na sala pamoja na adabu za wakubwa, na jina la jando likachukua nafasi ya lupanda. Mkuu wa ukoo hakuvuliwa cheo. Alifanywa mwenyeji wa shughuli ambayo maana yake ilikuwa imehama chini ya miguu yake. Mirathi ilikuwa ngumu zaidi. Kwa Wayao na Wamakua mali na cheo hufuata upande wa mama, na Qurani inataja mafungu ya watoto. Huko walimu wengi walitenganisha: cheo na ardhi ya ukoo vikabaki kwa wajomba, mali aliyochuma mtu kwa jasho lake ikaanza kugawiwa kwa sharia. Mfakihi wa Tarim, Hadhramaut, angenung'unika. Lakini mpangilio huo umejengwa juu ya hoja halisi, kwamba ardhi ya ukoo haikuwa milki ya marehemu hata irithiwe, na hoja hiyo inaweza kutetewa mbele ya kadhi yeyote.

Halafu kuna dhikri. Hapa walimu wa kanda hii waligombana kwa miaka, na ugomvi ni alama nzuri ya fikra kwa sababu watu hawagombani juu ya jambo wasilolifikiria. Nyasaland na kaskazini mwa Msumbiji palizuka makundi mawili, la tarika lililosindikiza jeneza kwa bendera na dhikri ya sauti, na la sukuti lililosema maiti asindikizwe kimya. Uganda wakati huo huo waligawanyika katika Juma na Zukuli, wengine wakitosheka na sala ya Ijumaa, wengine wakisali na adhuhuri baada yake. Mtu wa nje atacheka, kwamba watu wanatengana kwa ajili ya kelele makaburini. Lakini tazama kinachobishaniwa: je, tendo ambalo Mtume hakulifanya linaweza kuwa ibada likiwa na nia njema? Je, huzuni ya mwanadamu ina haki ya kuwa na sauti mbele ya Mungu? Je, kauli ya sheikh wangu aliyenipa ijaza inatosha, au lazima nirudi kwenye hadithi? Ni maswali yale yale yaliyoishughulisha Kairo wakati wa mwanamageuzi Rashid Rida, ila hapa yaliulizwa kando ya kaburi bichi, na watu wasiokuwa na gazeti.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na linatoka kwa wasomi wenyewe wa dini. Wanasema: hawa walimu walikuwa wafuasi. Walishika taklidi, walisoma muhtasari, hawakutunga. Mwenye fikra ni yule aliyeandika, kama Sayyid Ahmad bin Sumeit wa Unguja, au Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliyechapisha Al-Islah mwaka 1932 na kuwaeleza Waislamu kwa Kiswahili kwa nini wako nyuma. Nakubali nusu. Hakuna mwalimu wa Ungoni wa kuwekwa mizani moja na Ibn Sumeit kwa kina cha elimu, na kumpandisha kwa nguvu ni kumdhulumu yeye na ukweli. Ila taklidi si usingizi. Mshafii anayefuata imamu wake bado ana kazi ya kujua ni kauli ipi ya imamu inaangukia kisa gani, na visa vya bara havikuwamo kitabuni. Isitoshe, al-Amin mwenyewe alikuwa anafanya kwa wino kitu kile kile walichofanya wao kwa mdomo: kuichukua dini kutoka Kiarabu cha wachache na kuiweka katika Kiswahili cha wengi. Sayyid Mansabu alikuwa ameshaitia Barzanji katika utenzi wa Kiswahili kabla yake. Tofauti kati ya mwanachuoni wa Mombasa na mwalimu wa Songea ni ya daraja na ya mashine ya kuchapia.

Lipo pingamizi la tatu, na wanaolitoa wamo misikitini leo: kwamba Uislamu wa walimu wale ulichanganyika na ushirikina. Watataja kombe. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaimwagia maji, mgonjwa anakunywa. Watataja hirizi, falaki, na mwalimu aliyeomba kuku mweusi. Hapa sina nia ya kumtetea kila mtu. Walikuwepo waliofanya elimu kuwa duka, na njaa ya baada ya vita iliwapa wateja wengi. Lakini kombe linastahili kutazamwa vizuri, hasa Songea. Mwaka 1905 watu walinyweshwa maji wakaambiwa risasi zitayeyuka. Kizazi kilichofuata kililetewa maji mengine, na aliyeyaleta hakuahidi kuzuia risasi. Alisema shifaa iko kwa Mungu, na kilichomo majini ni maneno Yake. Nguvu ilihamishwa kutoka kwenye dawa ya siri ya mganga hadi kwenye maandishi ambayo mtoto yeyote wa chuo angeweza kujifunza kuyasoma. Unaweza kusema hatua hiyo haikutosha. Huwezi kusema haikuwa hatua, wala kwamba aliyeipiga hakujua anatoka wapi anakwenda wapi. Na hukumu juu ya kombe si jambo lililofungwa hata kwa wanavyuoni wakubwa. Wapo miongoni mwa watu wa zamani waliolijuzisha, Ibn Taymiyya mwenyewe akiwemo, ambaye wapinzani wa kombe humtegemea katika mengine.

Mwendo wa manamba, vibarua wa mashambani, nao uliongeza kitu. Kwa miongo mingi Songea ilipeleka vijana wake Tanga na Lindi kukata mkonge, na tangu 1944 SILABU, shirika la wenye mashamba, likawasafirisha kwa mikataba. Kambini Mngoni, Mmakonde, Mbena na Mha walikutana, na Kiswahili na kwata ya sala vilikuwa vitu viwili ambavyo havikumuuliza mtu kabila lake. Wengine walirudi na majina mapya. Walirudi pia na maswali ambayo mwalimu wa nyumbani hakuwahi kuulizwa: riba ya duka la kambini, sala ya mtu wa zamu, ndoa ya mke aliyeachwa miaka mitatu bila habari. Kwa hili la mwisho hasa, walimu walilazimika kupima subira ambayo vitabu vinaitaka kwa mume aliyepotea dhidi ya mwanamke mwenye watoto na shamba lisilolimwa. Upande mmoja kulikuwa na hofu ya kumwozesha mke wa mtu, upande mwingine hofu ya kumfunga mwanamke kwa kivuli.

Kamba ya elimu ilikatwa, au tuseme ilifungwa fundo jipya, baada ya uhuru. Sheikh Hassan bin Ameir wa Makunduchi, khalifa wa Kadiria aliyekuwa amezunguka kufundisha Tanganyika na nchi jirani hadi Kongo, alirudishwa Unguja kwa amri mwaka 1968. Mwaka huo huo Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ile EAMWS, ilipigwa marufuku, na Desemba mkutano wa Iringa ukaunda BAKWATA, baraza jipya la Waislamu. Mabishano ya kisiasa juu ya tukio hilo yamejaza vitabu, sitayarudia. Kwa Songea maana yake ilikuwa ya kielimu. Zamani mwalimu alijulikana kwa silsila: kasoma kwa fulani, ambaye kasoma kwa fulani. Sasa akaanza kujulikana pia kwa barua ya uteuzi, yenye muhuri. Wakati huo huo Qurani yenyewe ilifika kwa Kiswahili kilichochapwa. Padre Godfrey Dale alikuwa ametoa tafsiri yake mwaka 1923 na Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadia mwaka 1953. Mwaka 1969 Sheikh Farsy, kwa sehemu akiwajibu hao, akatoa Qurani Takatifu pamoja na maelezo marefu ya chini. Msomaji hakumhitaji tena mwalimu ili ajue aya inasema nini. Sheikh Saidi Musa, mwanafunzi wa Farsy na mwenyeji wa Ugweno, Upareni, akafuatia na vitabu kwa makumi, vya bei ndogo na karatasi nyepesi, vilivyofika kila stendi ya basi. Mtu wa bara alikuwa sasa ndiye anayeandika na watu wa pwani wanasoma.

Katika chuo cha mtaani leo, Bombambili au kata nyingine yoyote ya Songea, vitu hivi vyote viko kwenye rafu moja: juzuu, Barzanji iliyochanika mgongo, Farsy, na kitabu kipya kilichotolewa bure kutoka Ghuba kinachosema Barzanji ni bidaa. Kijana anayekisoma hicho cha mwisho anaweza kuamini kwamba anaachana kabisa na babu yake. Lakini msikilize anapohoji. Anasema "nia", anasema "dalili", anasema "amana" na "haki ya maiti". Anabishana kwa Kiswahili, akitumia maana ambazo mkulima mwenye kanzu moja alizipima alasiri, akilinganisha ulezi na ngano.